Mzee wa Merlot na Siku za Kufukuzwa

Wiki iliyopita alifariki hapa Kolwezi mzee aliyenifundisha kunywa Merlot. Wasomaji wangu wa mtaa wa Manika watamjua bila mimi kutaja jina lake, maana wengi wenu mmenunua chupa dukani kwake na hamkuondoka nayo kabla ya kusikilizishwa somo. Mauti yalimkuta kazini. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, akimweleza mteja kwa nini divai nyekundu haiingizwi katika friza, akasita katikati ya neno kama mtu anayetafuta kumbukumbu, akainamisha kichwa. Binti yake ndiye aliyenipigia simu. "Mama, tata alishatutoka," alisema, maana tata ndivyo tunavyomwita baba hapa kwetu.

Nilimfahamu tangu enzi za kampuni, wakati mgodi ulipokuwa baba na mama wa mji huu. Wakubwa wa kampuni walikuwa na nyumba yao ya kulia chakula, tuliyoiita Serkle. Mimi nilikuwa msichana wa kupiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya Serkle hiyo. Chini ya jiko palikuwa na ngazi za saruji zilizoshuka hadi ghala la divai, mahali palipoitwa kave, na marehemu ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Babake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, pembeni mwa mji huu, akasoma hapa, akabatizwa hapa, akaoa hapa. Kasai aliijua kama mtu anavyoijua mbingu: kwa kusimuliwa.

Alinichekea siku aliponiona nikikunja uso baada ya kuonja divai iliyobaki kwenye karamu. "Ile ni Kabernet, mama. Ni mujomba mukali, haumuzoee mara moja. Muntu wa kuanza, anaanza na Merlot." Akanieleza kwamba Merlot ni zabibu yenye rangi ya buluu inayokaribia weusi, ngozi yake nyembamba, na huiva mapema kuliko Kabernet, ndiyo maana wakulima wanaoogopa mvua za mwisho wa msimu huipenda. Jina lake, alisema, Wafaransa hulihusisha na ndege mdogo mweusi. T ya mwisho haitamkwi. Divai yake huteleza ulimini. Ule ukali unaokaza mdomo kama pera bichi upo, lakini ni mdogo. Harufu yake inakumbusha zambarau na matunda meusi ya porini, na ikikaa katika pipa huchukua kitu kama kakao. Haitaki joto la Kolwezi, wala haitaki barafu: itie chupa kwenye ndoo ya maji baridi muda wa kuandaa meza, basi. Inywe na mbuzi wa kuchoma, na bata, au na uyoga wetu wa masika uliopikwa kwa vitunguu, na hapo, alisema, hata askofu ataomba nyingine. Ile ya bei ya kawaida usiitunze ukingoja izeeke, kwani itakufia mikononi. Hayo yote niliyasikia mara nyingi hata naweza kuyakariri kama sala.

Kisha ikaja miaka ile. Mgodi ulianza kufa, mishahara ikawa hadithi, maduka ya kampuni yakabaki na rafu tupu. Njaa ikitafuta wa kulaumiwa haikosi kumpata, na wanasiasa walimtaja upesi: watu wa Kasai. Waliambiwa wamekula mkate wa wenye nchi, warudi kwao. Vijana waliovaa vitambaa vyekundu kichwani wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mimi ni Mluba wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huu, kwa hiyo hakuna aliyenigusa. Lakini mume wangu, fundi wa mashine, baba yake na mama yake wote walikuwa wa Kasai. Asubuhi vijana walipofika mtaa wetu, tulitokea mlango wa nyuma tukakimbilia Serkle. Marehemu na mkewe walikuwa wametangulia. Wakubwa walishaondoka nchini, na funguo za kave zilikuwa kwa marehemu, akatuingiza humo.

Kave lile halikuwa na dirisha. Lilikuwa na tundu moja la hewa karibu na dari, lenye wavu wa chuma, na kupitia hapo tuliona miguu ya watu wakipita uani. Tuliishi kwa kusoma viatu. Viatu vya mpishi wa Serkle, aliyebaki kazini, tulivijua, tukapumua. Viatu tusivyovijua, tukajibana ukutani nyuma ya makasha. Mimi pekee ndiye niliyeweza kutoka, kwa kuwa nikisimamishwa ningejibu kwa Kiluba cha kwetu Katanga, si cha Kasai. Nilikuwa nikirudi na maji na bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwenye kitambaa. Nawaambia kweli, ilikuwa vigumu zaidi kurudi kuliko kutoka. Nje palikuwa na jua na hofu. Chini palikuwa na hofu tupu, na kila niliposhuka ngazi zile nilihisi kama mtu anayejifungia mwenyewe jela.

Siku moja nilipita mtaani kwetu. Nyumba yetu ilikuwa na watu. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anaanua nguo zangu kwenye kamba, akizikunja vizuri kama zake. Niliporudi sikujua kuficha. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akachukua chuma cha kufungulia makasha.

"Kaa," marehemu alimwambia.

"Niache nipite, tata."

"Sikukatazi. Lakini kwanza iko kazi." Alikuwa tayari anazungusha kizibuo. Alimimina divai kidogo katika glasi, akamwekea kwenye mkono usioshika chuma. "Unusie. Uniambie unasikia nini."

Mkewe, aliyekuwa na rozari vidoleni, aligeuka kwa uchungu. "Tata, bantu banakufa inje, na weye unafundisha divai?"

"Huyu akitoka, njo atakufa," alijibu kwa sauti ya chini. "Uniache nifundishe."

Mume wangu alinusa ili amalizane naye. "Inanuka divai."

"Divai lazima inuke divai. Sema kingine."

"Sijui."

"Unajua. Wakati ulikuwa mutoto, ulikula nini mu pori?"

Juu yetu viatu vilipita, vikarudi. "Masuku," mume wangu alisema mwishowe. "Masuku bivu. Yale inaangukaka chini."

"Bon. Na nyuma ya masuku?"

Alinusa tena. Akasema udongo baada ya mvua. Akasema moshi. Marehemu hakumkubalia upesi wala hakumkatalia. Alimuuliza tu, na nyuma ya hapo? na nyuma ya hapo? mpaka mume wangu akakaa chini bila kujua kwamba amekaa, chuma kikabaki sakafuni. Ndipo alipolia. Mzee hakumtazama. Aliendelea kueleza habari za Merlot, kwamba zabibu yake hupenda udongo mzito unaokaa na maji, sauti ileile, kana kwamba mbele yake palikuwa na karamu ya wageni, mpaka kilio kikapoa chenyewe.

Vijana walikuja mchana, kama mzee alivyotabiri, kwa kuwa kila mtu mjini alijua Serkle ina pombe. Alisikia sauti zao langoni, akabeba kasha la chupa nzuri kuliko zote zilizobaki, akapanda. Alifunga mlango wa kave kwa nje. Tulisikia ufunguo ukizunguka, na nikaona uso wa mkewe ukibadilika. Uani aliwakabidhi kasha, na walipotaka kushuka wenyewe aliwaambia maji yameingia chini na waya za umeme zimelala ndani ya maji, anayetaka aende. Hakuna aliyetaka. Walianza kunywa kwenye shingo za chupa. Kisha mmoja wao akauliza, "We, uko muntu wa wapi?"

"Wa hapa. Nilizaliwa Musonoi."

"Na baba yako?"

Angeweza kudanganya. Kiswahili chake kilikuwa cha Kolwezi tupu. Tuliokuwa chini tulingoja uwongo huo kama watu wanaongoja kamba kisimani. Lakini alitaja kijiji cha babake, kule Kasai. Miaka mingi baadaye nilimuuliza sababu. "Baba alikuwa alishakufa," aliniambia. "Ule muzima anaweza kujitetea. Ule alikufa, ukimukana, nani atamutetea?"

Walimpeleka gare, kituo cha treni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, nasi tulikuwa nyuma ya mlango wa chuma. Tulipiga hesabu ya maji yaliyobaki. Kumbe alipopitishwa jikoni aliomba amuage mpishi, mtu wa Sandoa, Mlunda wa Katanga, na katika kumshika mkono alimwachia ufunguo. Mpishi alingoja mji utulie kidogo, akashuka kutufungulia. Alikuwa na ndugu mwenye lori lililoleta mihogo na lilikuwa linarudi Sandoa tupu. Sisi wawili tulilala chini ya magunia, tukakaa kwa wazazi wa mpishi mpaka ghadhabu ilipoisha. Mke wa marehemu alikataa kupanda. Alijifunga kitambaa, akachukua sufuria na blanketi, akaenda gare kumfuata mumewe.

Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa. Gare ilijaa watu waliokwisha kutolewa nyumbani na ambao hapakuwa na treni ya kuwachukua. Hawakuruhusiwa kurudi mtaani, na hawakuwa na njia ya kwenda mbele. Mvua iliwanyeshea. Wazee na watoto wachanga walianza kufa hapo hapo, kati ya magodoro na mashine za kushonea. Treni ilipokuja watu walipanda mpaka juu ya paa. Mkewe alikuwa ameshapata homa. Alifia njiani kabla ya kufika mji wa Mwene-Ditu, akazikwa kando ya reli wakati treni imesimama kwa hitilafu, na treni ilipopiga honi ilibidi mumewe aache kaburi ambalo hata msalaba lilikuwa halijapata. Marehemu alifika Kananga, mji wa Kasai, ambako binti yao alikuwa anasomea uuguzi kwa masista. Huko walimwita mtu wa Katanga. Watoto walicheka jinsi alivyosema Kiluba cha kule.

Alirudi Kolwezi baada ya vita vya nchi nzima vilivyofuata, nywele nyeupe, pamoja na binti yake. Serkle ilikuwa imechukuliwa na kampuni ya wageni, na kave limewekwa mapipa ya mafuta. Alipanga chumba cha duka Manika, akaanza kuuza Merlot inayokuja kwa malori kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wateja walikuwepo, kwa sababu madini ya kobalti yameleta matajiri wapya ambao harusi zao hazikamiliki bila divai. Siku moja nilimkuta akimhudumia bwana mmoja mnene aliyekuwa anamwoza bintiye. Alimwuliza chakula kitakuwa nini, wageni ni wa rika gani, akamchagulia vizuri, akamweleza habari ya ndoo ya maji baridi. Bwana yule alipoondoka, marehemu aliniambia kwamba huyo ndiye aliyemwuliza, siku ile uani, babake alitoka wapi.

"Na yeye amekukumbuka?"

"Sijui. Hakuangalia sana uso yangu."

"Umemsamehe, tata?"

Alifuta kaunta kwanza. "Hapana. Nimemuuzisha divai. Ile ni bintu mbili. Nikimukatalia, mi njo nitabakia mule mu kave, yee anaenda ku harusi."

Nimelifikiria jibu hilo muda mrefu. Tuna desturi ya kudai kwamba waliodhulumiwa wasamehe ili sisi wengine tulale vizuri. Mzee huyu hakutupa zawadi hiyo. Alijipatia kitu kidogo zaidi: haki ya kufungua duka lake asubuhi na kuwa bingwa wa jambo alipendalo, hata mbele ya mtu aliyemharibia maisha. Sijui kama hiyo ni amani. Aliwahi kuniambia kwamba kila akisikia mlango wa chuma ukifungwa hutafuta ukuta wa kuegemea. Mume wangu naye, hadi leo, hakai katika chumba bila kwanza kuuliza ufunguo uko wapi. Na siku hizi, bei zikipanda na kazi za mgodini zikiwa haba, nasikia tena yale maneno sokoni na kwenye teksi: wenye nchi, waliokuja, warudi kwao. Wanaoyasema wengi ni vijana ambao hawakuiona gare ikijaa.

Kwenye matanga mabishano yalizuka. Wazee wa jamii yake walisema maiti isafirishwe Kasai, kwao, ikalale na mababu, lori limeshapatikana. Walisema kwa heshima na kwa mapenzi, na wengi wetu tuliitikia kwa vichwa. Binti yake alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya akina mama. Aliinuka, akajifunga kitenge upya, akasema polepole ili kila mtu asikie.

"Tata alizaliwa Musonoi. Mara moja bantu balimupandisha mu treni kumupeleka kwabo. Sitamupandisha tena."

Tulimzika hapa Kolwezi siku iliyofuata, na wazee wale wale ndio waliobeba jeneza. Ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba kwao ni hapa, mwamini akiwa angali hai, usingoje mpaka binti yake aje kusimama katikati ya matanga akuombe sehemu ya kumlaza.