Tantine alituchagulia rangi ya Noeli akiwa Kinshasa

Admin, jina yangu ubaki nayo wewe peke yako, juu ba famille ya bwana yangu banasomaka hii page kila asubui. Niko maman wa myaka 37, niko na batoto batatu, tunaishi hapa Bukavu mu parcelle, kiwanja ya bakwe. Bwana yangu ni mwalimu. Ni mutu mupole, kila jirani atakuambia.

Mu mwezi ya kumi tulizika mama mukwe. Myaka mbili alikuwa mugonjwa, na mimi njo nilikuwa namuogesha, namukulisha uji, namugeuza ku kitanda. Bwana yangu iko na dada yake mukubwa ku Kinshasa, batoto banamuita Tantine, na mimi nitamuita vile. Mu ile myaka mbili yote hakufika hata siku moja. Ku simu alikuwa anauliza "Maman anaendelea?" na mbele umujibu amekwisha kuaga. Lakini ku maziko alifika, na miwani nyeusi, na mupiga picha wake. Munisamehe, niliona na macho yangu: alinyamaza kulia kidogo ili mupiga picha azunguke upande yenye mwangaza, kisha akaanza tena.

Sasa Noeli. Kila mwaka tunawekaka ku barza zile taa ndogo-ndogo za waya, nyekundu na kijani na njano. Mama mukwe mwenyewe alizichaguaka ku soko ya Kadutu. Muchuuzi alimuwashia nyeupe, akamuwashia bleu, yeye akakataa zote. Alisema: "Unipatie zile za kelele." Mutoto wangu wa mwisho aliniuliza kama mwaka hii tutaweka taa za Koko, ni vile banaitaka nyanya yao. Nikamuambia ndiyo.

Kumbe kuko serikali nyingine ku Kinshasa. Tantine akaandika mu groupe WhatsApp ya famille: "Tuko mu kilio. Rangi za furaha ni aibu. Muweke mauve, ile zambarau, ni rangi ya kilio, na ni rangi ya Avent, ya kungojea Noeli, hata padri anaivaaka." Fikirieni. Mutu alionekana ku misa mara ya mwisho siku ya ndoa yake, leo anatufundisha nguo za padri. Bandugu bengine bakajibu na vidole gumba. Na bwana yangu, nikiwa nimeikaa pembeni yake, akamuandikia ule dada yake mukubwa: "Asante yaya, umetuonesha njia."

Nikamuambia: "Papa wa batoto, maman yako alipenda zile rangi zingine. Mu hii famille, nani anajua kilio yake kupita mimi?"

Akajibu: "Tuweke tu mauve, amani ikuwe."

Akaenda kununua yeye mwenyewe, akapanda juu ya kiti, akapigia Tantine video ili aone. Tantine akasema: "Peleka simu kuume. Hapana, ule waya ya juu ishuke kidogo. Bado. Bado." Mwanaume wa myaka 44, anafundisha batoto ya batu, anashusha waya na mukono moja na simu mu mukono ingine.

Courant ya umeme ikarudi saa moja ya mangaribi, barza yote ikakuwa mauve. Na kila mutu wa Bukavu anajua nyumba gani inawashaka taa za ile rangi: ni nganda, pahali pa kunywea bière. Hata dakika kumi haikupita, banaume babili bakafungua portail ya kuingilia, bakavuta viti zetu, bakaikaa. Mumoja akaniita: "Maman, mbuzi ya kuchoma iko? Leta na mbili za baridi."

Batoto bakaanguka chini na kicheko. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu maziko. Nikabaambia: "Ba papa, hapa ni nyumba ya batu, tuko mu kilio." Bakasimama mara moja. Ule aliomba mbuzi akatoa kofia, akauliza ni nani tulipoteza. Nikamuambia ni mama mukwe, nilimuuguza myaka mbili. Akanishika mukono, akasema: "Pole sana maman, ulichoka." Mutu wa kutafuta bière njo alinipa ile pole. Tantine hajanipa hata leo.

Nilifikiri bwana yangu atazitoa. Hapana. Alitoka, akaangalia waya, akasema tuandike ku karton "HAPA SI NGANDA" na tutundike ku portail, juu tukizitoa yaya atakasirika. Akanikataza kuandika kitu mu groupe. Mutoto wa mwisho akamuuliza: "Papa, na za Koko?" Akamujibu bila kumuangalia: "Koko alikwisha kufa."

Sasa niseme kitu ilinileta hapa. Tantine namudharau, na ile dharau hainisumbui, nalala nayo vizuri. Lakini tangu ile mangaribi namudharau na bwana yangu. Akiongea ku meza, naona tu ule mutu juu ya kiti anauliza "vile iko sawa, yaya?" Akinigusa, natoa mukono. Myaka kumi na mbili ya ndoa, hajanipigaka, hajalalaka inje, na najua banamuke bengi bangetamani mutu kama yeye. Najiambia hivyo kila asubui. Haisaidie kitu.

Dada yangu ananiambia nivumilie mpaka janvier, taa zishuke, eti ni mambo ya taa tu. Basi musiniandikie juu ya taa, zile naweza kubadilisha kesho peke yangu. Mujibu hii: ba maman mulipitia huku, heshima ya bwana ikikwisha mu roho, inarudiaka? Na kama hairudie, nitaishi naye namna gani? Munishauri, nifanye nini?