Ndege Iliyosimama Abiria Wachimbe Dawa

Mimi ndiye binadamu pekee niliyewahi kupanda ndege ikatumia masaa tisa kwenda safari ya dakika hamsini.

Usicheke bado.

Nilikuwa nakwenda kujitambulisha ukweni. Mimi ni fundi friji, na suruali ya maana ninayo moja, ndiyo niliyovaa siku hiyo. Mchumba wangu alishanionya: "Baba ni mgumu. Akisema hapana, ni hapana hadi kiyama."

Na mimi bila yule dada sikuwa na maisha, nasema wazi.

Nikanawa uso stendi, nikajipulizia marashi, nikaingia sebuleni. Mzee ameketi na dada yake, shangazi wa mchumba, birika mezani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pole na safari. Umekuja na nini?"

Sijui shetani gani alinishika ulimi.

"Ndege, baba."

Mchumba akanikodolea macho.

"Ahaa. Mmetumia muda gani?"

Hapo kichwa kikagoma. Safari niliyokuwa naijua ni ya basi.

"Masaa tisa. Mgongo wote unauma."

Mzee akaweka kikombe chini. "Kilomita mia tano, masaa tisa. Mlikuwa mnaisukuma?"

"Kulikuwa na foleni, baba."

"Foleni. Angani."

"Halafu tukasimama njiani, watu wachimbe dawa." Wallahi nilijisikia nikisema, ila mdomo ulishakata breki.

Shangazi akapaliwa na chai. "Wakajisaidia wapi, mwanangu? Nyuma ya wingu?"

Mzee hakucheka. "Nimejaza mafuta ndege za njia hiyo miaka ishirini na saba. Ni dakika hamsini. Upepo ukiwa mbaya, hamsini na tano."

Mama yangu! Mchumba aliniambia babake alistaafu kazi ya mafuta. Mimi nikajua kituo cha petroli.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata kwenye biskuti.

Mzee akainuka, akatoka nje. Nikajua nimekwisha. Nikashika begi langu, machozi yananilenga, mchumba hataki hata kuniangalia.

Mara akarudi.

"Kaa chini."

Nikakaa.

"Kabla yako alikuja mwingine. Yule alijua hadi namba ya kiti na dakika waliyotua. Nikampenda sana. Kumbe ana mke na watoto wawili. Binti yangu alilia mwaka mzima."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe uongo umekushinda hata chai haijapoa. Mtu kama wewe atamficha nini mwanangu? Nimekubali. Lete wazee wako."

Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Shangazi alininong'oneza baadaye kwamba mzee alipotoka alikwenda uani kucheka, kashika ukuta asianguke.

Ndugu zangu, uongo una wenyewe. Kama umenyimwa kipaji, shukuru Mungu, sema umekuja na basi.