Pilote wa Kigunzi

Ilikuwa mwaka ule wa muhindi: asubui uji ya muhindi, mangaribi muhindi ya kuchoma, na vigunzi vikajaa kiwanja yote. Kaka yangu Dieudonné alitengeneza ndege kwa mabua, akaniachia kazi ya kioo ya pilote. Nilichukua ile plastiki inashikaka koli ya chemise, shati mupya ya baba, nikailegeza juu ya makala ya moto, nikaikandamiza mu mugongo ya kijiko mpaka ikapata tumbo. Ilinuka kama nywele zimeungua. Ndani nikakalisha pilote wa kigunzi, nikamufunga kitambala mu kichwa kama mama. Kisha nikatoboa kioo na sindano, sababu nilifikiri bila tundu atakosa pumuzi.

Kaka akacheka mpaka akakaa chini. "Tosha uyo mwanamuke, ashuke! Ndege itaanguka mbele ya kufika Bogoro."

"Sitamutosha. Njo yeye anaendesha."

"Basi hautagusa ndege yangu tena."

Sikuigusa tena. Na sikumutosha.

Juma iliyopita mujukuu wangu Neema alikuwa anabandika kioo ya ndege yake ya telekomande, ile ya kuendesha kwa mbali, gundi ya colle inanuka nyumba yote. Pilote wake alimupaka rangi, kitambala chekundu mu kichwa. Tundu hakuweka, yeye anajua mudoli hapumui. Kaka, sasa muzee wa mvi, akainama kuangalia.

"Eh, Neema, mwanamuke tena? Tosha uyo!"

Mutoto akasimamisha mukono, akaniangalia. Nikajibu mimi:

"Sitamutosha. Njo yeye anaendesha."