Sahani ya Dismasi

Veneranda hakai. Nimefanya naye kazi miezi minne na sijamwona akimaliza chai akiwa kwenye kiti. Anakunywa huku anatembea, anachungulia dirishani, anauliza boti ya Kibirizi imefika au bado. Ukimwambia, "Dada, tulia basi, unanitia kizunguzungu," anacheka, kisha anaondoka zake.

Kwake ni Katubuka. Kazi yetu ni kuuliza watu maswali ya chuo kimoja cha mbali, kinachotaka kujua akili ya binadamu inawafikiriaje wafu. Unasoma kisa cha mvuvi aliyezama ziwani, halafu unauliza: je, sasa anasikia njaa? Anasikia baridi? Bado anampenda mama yake? Jibu ni ndiyo au hapana, unabonyeza kwenye kishikwambi. Huruhusiwi kuongeza neno wala kukunja uso. Mimi, Mwanvua wa Ujiji, nisikunje uso! Ilinitesa mwezi mzima.

Lakini kisa kile kilimtesa Veneranda kuliko mimi. Mumewe Dismasi alikwenda kuvua dagaa miaka mitatu iliyopita. Mtumbwi uliokotwa mtupu, mwili haukuonekana. Mama mkwe wake, Yunisi wa Mwamgongo, akakataa katakata kuweka matanga.

"Mwanangu yuko ng'ambo, Kongo," alisema. "Atarudi."

Basi Veneranda akabaki hivyo, si mke, si mjane. Hata akilia, wakwe wanaona anamtakia mtu mabaya. Alichotaka ni kimoja tu: mama yule akubali kwamba Dismasi amekufa, naye apate kumlilia. Mtu atatuliaje hapo?

Mwezi uliopita orodha ya watu wa kuhojiwa ikatupeleka kijijini Mwamgongo, na jina la Yunisi likawemo. Kwa sheria ya kazi, humhoji ndugu yako. Nikaingia mimi. Veneranda akabaki uani, nikawa nasikia ndara zake zikienda na kurudi, zikienda na kurudi.

Bibi alinikaribisha vizuri. Nikasoma kisa, nikauliza: mvuvi huyo anasikia njaa?

"Aa, wewe nawe! Mtu amekufa, njaa ya nini?"

Nikabonyeza hapana. Lakini macho yangu yalikuwa mezani, kwenye sahani iliyofunikwa kwa bakuli. Nilijua ni ya nani, Veneranda alishanisimulia. Kila mlo Yunisi humpakulia Dismasi kwanza, na jioni chakula kile huwapa kuku.

Baridi? Hapana. Bado anampenda mama yake?

Akaanza kukunjakunja pindo la kanga yake. Nikasoma swali tena kwa sauti ile ile, kama tulivyofundishwa, na moyoni nikaona haya.

"Ndiyo," akasema. "Sana."

Ndara zikanyamaza. Mara Veneranda huyo mlangoni, kazi na sheria zake kwisha!

"Mama, Dismasi anasikia njaa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Tungefukuzwa wote wawili. Bibi akamtazama mkamwana wake, akaitazama sahani, akajifuta uso kwa kanga. Kisha akafunua: ugali na samaki wa mgebuka, bado vya moto.

"Hasikii," akasema. "Hasikii tena, mwanangu. Kaa, ule wewe."

Veneranda akakaa. Akala huku analia, tonge baada ya tonge, mpaka akamaliza. Yunisi akaniomba niwapigie simu ndugu wa Kidahwe, waje msibani.