Soksi za Muuguzi

Pua ya mwoka mikate ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Tangu afungue duka lake dogo hakuwahi kuoka kwa kutazama saa. Aliligeuzia tanuri kisogo, akahudumia wateja na kupiga soga, na mikate ilipoiva harufu ilimwita.

Msimu wa mvua mafua yakampitia, yakaondoka na harufu zote. Kahawa ikawa maji ya moto tu. Akatundika saa ya ukutani juu ya tanuri, lakini saa itajuaje kwamba kuni za leo ni mbichi? Mara mikate iungue, mara itoke mibichi katikati. Mumewe aliitafuna kwa shida huku akisema, "Mitamu tu, mke wangu," na uongo huo ulimchoma kuliko moto. Daktari alimwambia avumilie. Yeye akajiamulia: kiangazi kikiisha pua bado imelala, tanuri anamwachia wifi yake, atafute kibarua kwingine.

"Twende mlimani," akasema muuguzi, rafiki yake tangu shuleni. "Mimi nina likizo, wewe una huzuni. Tukavitembeze vyote viwili."

Wakapanda, jua likiwaka kweli kweli. Muuguzi alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi. Alihema huku anasema. Kila jani alilolikuta alilifikicha, akamsogezea mwenzake puani.

"Hili je?"

"Hamna kitu."

"Na hili? Hili hata maiti angepiga chafya!"

"Mwenzangu, niache bwana."

Walipofika kileleni, mwoka mikate alikuwa amekata tamaa kabisa. Alitazama mji kule chini, akatafuta bomba la moshi la duka lake, machozi yakamlengalenga. Muuguzi akakaa juu ya jiwe, akavua mabuti aliyoazima kwa kaka yake, akanyoosha miguu.

Mwoka mikate akakunja uso. Akatazama nyuma ya jiwe, kisha vichakani.

"Kuna mzoga hapa. Tuhame."

"Mzoga gani? Hiyo ni miguu yangu! Nimejiburuza mlima mzima kwa ajili yako, halafu unaniita..."

Wakatazamana. Muuguzi akavua soksi moja polepole, akaipunga hewani. Mwenzake akaidaka kwa mikono miwili, akaizamisha puani, akakohoa, akairudia tena. Alicheka na kulia kwa pamoja. Akautua mzigo wote ule palepale.

"Basi, utazimia! Ngoja nivae tushuke."

"Usivae kwanza," akasema, ameshikilia soksi. "Kaa hivyo hivyo kidogo."

Wakati wa kushuka ni yeye aliyechuma majani. Mengine yalinukia kwa mbali, mengine bado kimya, lakini hakujali.

Jumatatu saa ya ukutani ikahamia sebuleni. Akaliwasha tanuri, akaligeuzia kisogo, akawa anamfungia mteja sukari. Mara harufu ikamwita. Alipofungua, mikate ilikuwa imeumuka vizuri, ya kahawia pande zote, akashusha pumzi ndefu. Wa kwanza akampelekea muuguzi, pamoja na jozi mpya ya soksi.

Wa pili akamwekea mumewe mezani. Mumewe akatafuna kipande. Safari hii hakusema neno, alikata kingine.