Fundi Chamsoudine Afagia Mutsamudu

Sisi watu wa Moroni tuna ugonjwa wetu: tunapenda ukubwa. Mtu atakuwa na mvi kichwa kizima, lakini kama hajamfanyia mkewe Harusi Kuu, ile ya kulisha mji mzima, barazani anakaa nyuma na vijana. Akifungua mdomo, anaambiwa anyamaze. Fundi Chamsoudine, mshonaji wa mtaa wa Magoudjou, alikuwa huko nyuma. Aliwadarizia wakubwa majoho yao, ambayo asiyefanya Harusi Kuu havai, na mkewe Latoifa alikuwa akiingoja harusi yake tangu wote wawili wakiwa vijana.

Serikali ya mapinduzi ya Ali Soilih ilipoipiga Harusi Kuu marufuku, wakubwa walilia. Fundi akalia nao kwa sauti, ila moyoni, Mungu amsamehe, alishusha pumzi. Kazi nayo ikafa. Joho moja jeusi la nyuzi za dhahabu likabaki dukani, mwenyewe akaogopa kulifuata. Basi fundi akaona bora akamtembelee Zaïdou, rafiki yake wa chuo cha Kurani, kule Mutsamudu, kisiwa kingine. Joho akalitia mkobani. La nini? Hakujiuliza sana.

Mutsamudu ya kale ni vichochoro vitupu. Gari haliingii, hata mkokoteni haupiti. Utasikia makubadhi, na mtu akikohoa nyumba ya tatu. Fundi alitazama milango ya nakshi, akatazama ngome na mizinga yake kule juu, kimya kile kikampanda kichwani. Hapa nani ananijua? Akavaa joho.

Lahaula! Wazee walijibana ukutani kumpisha. Barazani akawekwa mbele kabisa.

"Kumbe umeshafanya, na hukunialika!" Zaïdou alilalamika.

"Ilikuwa haraka haraka, ndugu yangu."

Wakamuuliza rai yake juu ya mpaka wa shamba, akaitoa. Wakamuuliza juu ya talaka, akaitoa pia. Hakujua lolote kuhusu shamba wala talaka, lakini alikuwa na kiu ya miaka, acha mtu anywe.

Kesho yake wakaja vijana wa mapinduzi, mbele yao binti mmoja aitwaye Zoubeida, suruali na kichwa wazi.

"Mzee, umefanya Harusi Kuu?" aliuliza. "Kama hukufanya, vua hilo joho uende zako. Kama umefanya, adhabu yako ni kufagia mji."

Mtu mwenye akili zake angevua mbio. Lakini wazee wote walikuwa wanamtazama.

"Nimefanya," alisema fundi. Na kama hiyo haikutosha, akaongeza, "Ng'ombe walichinjwa mpaka wachinjaji wakachoka."

Akafagia. Na kwa kuwa mkokoteni haupiti, taka zote alizibeba kichwani, akipanda na kushuka ngazi, jasho likimwingia machoni. Wazee walichungulia madirishani wakinong'ona, "Pole, mkubwa." Mgongo ulimuuma, punguani yule, lakini kila "mkubwa" ilimwingia kama asali.

Alirudi Moroni ameinama huku anatabasamu. Habari zilikwisha shuka chomboni kabla yake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na cherehani ya fundi ilikuwa imetolewa nje. Latoifa alisimama mlangoni.

"Karibu, mkubwa. Bibi harusi ni nani?"

"Bibi harusi gani, mke wangu?"

"Ng'ombe walichinjwa, nimesimuliwa. Mimi sikupata hata mfupa." Machozi yakamtoka. "Nitajie jina lake tu."

Fundi akaapa kwa kila kiapo anachokijua. Latoifa hakusogea.

"Ulijisifu mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

Akaenda barazani, akasimama pale mbele asiporuhusiwa. "Jamani, mimi Chamsoudine sijafanya Harusi Kuu. Nimefagia Mutsamudu bure, na joho lenyewe si langu." Walicheka hadi wakashikana mabega. Kusema kweli hata yeye alicheka, maana nani mwingine duniani amefagia mji kwa harusi ambayo hakuila?

Aliporudi, Latoifa alikuwa palepale.

"Na kama serikali isingekataza, ungenifanyia?"

Kule Mutsamudu alikuwa na jibu kwa kila swali. Sasa alitazama miguu yake.

"Nisingeweza," alisema. "Sikuwa na uwezo, Latoifa. Sijawahi kuwa nao."

Latoifa akajifuta uso kwa leso. "Ungeniambia zamani, ningeacha kungoja."

Akampisha aingie.