Wino Mwekundu Juu ya Kisa cha Bibi Hawa

"Bi Mwanakhamis, hayo unayosoma yamo Msahafuni?"

Aliyeuliza ni Amatullah, jirani yetu wa ghorofa ya juu, miaka kumi na moja iliyopita, alipokuja kunitazama nikiwa ndani ya eda. Mume wangu Nasser alikuwa na wiki tatu kaburini, na mimi sikuwa nimetoa hata tone la chozi. Bi Mwanakhamis alikuwa ameketi kando ya kitanda changu, daftari limefunguliwa juu ya mto, miwani imefungwa kwa uzi. Hakukasirika. Alijibu kama mtu aliyeulizwa bei ya ndimu:

"Hayamo, mwanangu. Msahafu ni maneno ya Mungu. Haya ni maneno yetu. Keti usikize."

Naanza na jibu hilo makusudi, ili asije mtu akasema kwamba yule mama alimdanganya yeyote. Nina hasira. Nimetawadha, nimeswali, nimevuta tasbihi, na hasira iko pale pale. Basi naandika. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kusema kweli hakutaki cheti.

Mwanakhamis binti Zein ana miaka sabini na nne. Kibokoni alizaliwa, Kibokoni akaolewa, na mumewe akafia hapo hapo. Kazi yake ni kushona kofia kwa mkono. Vidole vyake vimejaa vitundu vya sindano. Lakini mwanamke akifiwa na mume, kuanzia mtaani kwetu hadi Bondeni, yeye ndiye aitwaye. Wanawake huja, husoma Yasin, huomba dua, hunywa kahawa, huenda zao. Yeye hubaki. Mjane akishakuwa peke yake na kuta zake, ndipo Bi Mwanakhamis hulifungua daftari.

Ni daftari la jalada la ngozi, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndani mna kisa cha Bibi Hawa siku Habil alipouawa. Kabla ya hapo hakuwahi kufa mtu duniani, kwa hivyo Hawa hajui kilichompata mwanawe. Anamuuliza Nabii Adam: "Kufa ni nini?" Adam anamjibu: "Ni mtu asile, asinywe, aitwe asiitike." Kisha Hawa anaanza kusema, na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Aliyeanza kuliandika ni nyanyake Bi Mwanakhamis. Alizika mwana aliyekufa kwa ndui, akamtia Hawa neno mdomoni: "Nimpikie nini, basi, ndipo ale?" Kando yake akatia jina lake na mwaka. Mamake Bi Mwanakhamis alizika kichanga cha siku sita. Akaongeza: "Na maziwa haya niyapeleke wapi?" Jina, na mwaka. Hiyo ndiyo ada ya daftari lile. Aliyezika mtoto huongeza neno moja, na hapana mkono ulioandika humo usio na jina.

Bi Mwanakhamis naye alikuwa na binti mmoja, Malak. Aligongwa na lori Makupa akitoka kazini, ana miaka kumi na tisa. Yeslam, nduguye Bi Mwanakhamis, alirudi kutoka hospitali na kiatu kimoja ndani ya gazeti. Cha pili hakijaonekana mpaka leo. Ulipotimia mwaka, mama mtu akachukua kalamu ya bluu akaandika: "Kiatu kimoja kimerudi nyumbani. Kingine amekwenda nacho wapi?"

Mimi nilipolisikia neno hilo ndipo nilipomlilia Nasser. Nililia mpaka Amatullah, aliyekuwa ameshapanda kwake, akashuka tena kuuliza kama kuna msiba mwingine.

Sasa Ziad. Ziad ni mwana wa Yeslam, miaka thelathini na mbili, amesoma Uarabuni miaka sita, na ndiye anayetusomesha sisi wanawake darsa kila Jumamosi baada ya alasiri. Ana elimu, simnyimi haki yake. Alikuja kwa shangaziye na maneno matamu: "Shangazi, nipe daftari nilipige picha, lisije likaliwa na mchwa." Bi Mwanakhamis alilifunga kwa kitambaa safi, akamtilia na mahamri ya njiani.

Jumamosi ile tukamwona amelishika juu mbele yetu.

"Mama zangu, visa hivi vimetoka wapi? Vingine vimepokewa kwa Mayahudi na Manasara, vingine vimezushwa majikoni. Msahafu wenyewe haukumtaja Hawa kwa jina, umesema mkewe Adam, basi. Hebu tazameni wino. Huu mweusi, huu kahawia, huu bluu! Kisa kimekuwa kikikua kama mtoto anyonyaye." Akageuza ukurasa. "Na hapa pana kiatu. Niambieni, Bibi Hawa alivaa vya kisigino au ndara?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nilicheka. Niliyekuwa nakijua kile kiatu ni cha nani, nilicheka, kwa sababu wenzangu walikuwa wakicheka na mwalimu alikuwa akinitazama. Mungu anisamehe. Mmoja wetu alikuwa amerekodi, na kabla ya magharibi kicheko chetu kilikuwa kimeshaingia katika simu za mtaa mzima.

Jumatatu nilimweleza Caroline, Mgiriama, tunayepika naye chakula cha wanafunzi kule Tudor. Akatikisa kichwa.

"Dada, hayo hata kwetu yako. Babu na nyanya walikuwa wa makanisa mbalimbali, Biblia mbili katika kabati moja. Ya nyanya nene, ya babu nyembamba. Huyu asema, 'Nyinyi mmepunguza.' Yule asema, 'Nyinyi mmeongeza.' Hata wakigombania mbuzi huishia kwenye Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika ile nene tu."

"Ikaishaje?"

"Babu akafa. Nyanya akamsomea kaburini kutoka ile nene. Na babu hakuinuka kukataa."

Nilicheka, na kicheko hicho hakikunitia haya.

Daftari lilirudi siku ya Alhamisi. Bi Mwanakhamis alilifungua mbele yangu. Kando ya neno la nyanyake, wino mwekundu: Halina asili. Kando ya neno la mamake, wino mwekundu: Halina asili. Neno lake mwenyewe lilikuwa limekatwa kwa mistari miwili, na chini yake: Uongo. Kama vile mwalimu asahihishavyo hesabu za mtoto mjinga.

Nikamwambia, "Bi Mwanakhamis, siku ile mimi pia nilicheka."

"Najua. Kicheko chako nimekisikia kwenye simu."

Afadhali angenitukana.

Wiki mbili baadaye mume wa Amatullah akafariki. Amatullah akaingia eda, na siku ya tatu akatuma mjumbe kutaka kisa. Sufyan, mwanawe mkubwa, akamwambia, "Mama, darsa hukuisikia?" Akajibu, "Nilisikia. Nataka nisomewe." Lakini Bi Mwanakhamis hakwenda. Kila alipofungua ukurasa alifunga. "Ntasoma vipi? Jicho lakimbilia kwenye nyekundu." Siku saba Amatullah akakaa hivyo hivyo, macho makavu, kama nilivyokaa mimi.

Jana baada ya adhuhuri Bi Mwanakhamis alimwita Ziad, akaniita na mimi niwe shahidi. Ziad aliketi ukingoni mwa kiti.

"Shangazi, mimi sikukulenga wewe. Nimelenga uzushi."

"Kisa hakina asili?"

"Hakina, shangazi."

"Umesema kweli. Amatullah aliniuliza wewe ungali masomoni, nami nikamjibu hivyo hivyo. Na Bibi Hawa, alikuwa na viatu?"

"Shangazi..."

"Hakuwa navyo. Malak alikuwa navyo."

Ziad akasema polepole, "Malak wetu?"

"Malak aliyekubeba mgongoni. Babako ndiye aliyekileta hicho kiatu."

"Wallahi sikujua."

"Hukuuliza." Sauti yake haikupanda. "Miaka sita umesoma kuuliza neno limetoka kwa nani, na huyo alilipata kwa nani. Hili lina jina kando yake. Soma."

Akasoma: "Mwanakhamis binti Zein, mamake Malak."

"Lilikuwapo siku ile pia. Ulikuwa na haraka ya kuchekesha watu."

Ziad alifuta uso kwa kilemba chake. "Nitafuta, shangazi. Kuna dawa ya kufutia wino, naenda kuileta sasa hivi." Akanyoosha mkono kulichukua daftari.

Bi Mwanakhamis aliweka kiganja juu ya ukurasa. Kwa mkono wa pili akampa kalamu yake ya bluu.

"Usifute. Tia jina lako hapa chini ya wino wako, na tarehe ya leo. Kisha nipe daftari langu, Amatullah yuwaningoja."